Ujumbe wa Baba kwa Bibi Nkamba, Mtoni Mwakilunga

Tuliokwenda Mwakilunga siku ile tulikuwa sita, na wote nitawataja, maana wanne wameshatangulia na sioni mwingine wa kuwataja. Alikuwepo baba yangu, Luhende. Alikuwepo mayu, ndivyo tulivyomwita mama, jina lake Ng'washi. Kaka yangu Shija, aliyezaliwa baada ya mapacha, ndiyo maana akaitwa Shija. Mbuke, mtoto wa baba mdogo, rika langu, tuliyelala naye ngozi moja na kupigania blanketi moja. Mimi Kabula, meno ya mbele yakiwa yameshaota upya lakini shule bado sijaijua. Na bibi yangu Nkamba, aliyemzaa mayu. Ukitaka niwahesabu na ng'ombe wa mkokoteni, walikuwa wawili: Mabala, mwenye madoa, na mwenzake mweusi ambaye hatukumpa jina kwa sababu hakuwahi kufanya jambo la kutajwa.

Habari hii ni ya bibi na baba. Walikuwa wakwe, na siku zile mkwe alikuwa mkwe.

Kwa mliozaliwa juzi nieleze kidogo. Kwetu mwanamume na mama wa mkewe hawakutazamana usoni. Hawakula mahali pamoja, hawakupeana mkono, hawakuongea. Baba akimwona bibi anakuja njiani, anaingia porini, anasimama nyuma ya mti na kuutazama ule mti mpaka bibi apite. Bibi naye anajitupia kanga kichwani na kupita upesi. Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, ila ilikuwa heshima yenye kazi nyingi.

Sasa bibi alikuwa mjane, na kaya yake ilikuwa ng'ambo ya njia tu, karibu kiasi kwamba jogoo wake alituamsha sisi. Kila siku palikuwa na jambo. Mara ndama amevunja uzio, mara jembe linaazimwa, mara kikohozi kinataka dawa. Maneno hayo yote yalihitaji mtoto wa kuyabeba, na mtoto huyo nilikuwa mimi. Hata wakiwa wametenganishwa na uzio wa miti tu, na wanasikiana vizuri, lazima nipite katikati.

"Kabula, muulize bibi yako kama yule mbuzi ameshazaa."

Bibi ameshasikia kila neno, lakini ananyamaza, anangoja. Mimi natembea hatua nne. "Bibi, baba anauliza kama mbuzi ameshazaa."

"Mwambie baba yako amezaa wawili."

Hatua nne za kurudi. "Baba, amezaa wawili."

"Mwambie nimefurahi."

Kazi hiyo niliipenda. Wakiwa mbali, hawasikiani, niliitia chumvi. Bibi akiguna tu, mimi nikifika kwa baba nasema, "Bibi anasema asante sana, ng'ombe wako wazidi." Baba anatabasamu, ananimiminia karanga kiganjani. Nikirudi kwa bibi nampelekea salamu ambazo baba hakuzituma, napewa kipande cha boga. Kwa ufupi nilinenepa kwa maneno ya watu.

Mwakilunga, kwa wasiopajua, ni mji mdogo ulio kando ya mto Manonga. Siku zile ulikuwa barabara moja. Upande wa juu palikuwa na boma la Mjerumani, mawe matupu yasiyo na paa, na popo ndani. Chini yake maduka kama kumi hivi, yenye baraza na nguzo, ya Wahindi na Waarabu, na jineri ya kuchambua pamba iliyonguruma msimu mzima mpaka watu wa mjini wakawa wanaongea kwa kupiga kelele hata ilipozimwa. Daraja halikuwepo. Kiangazi mto ulikuwa mchanga mweupe mpana, watu na ng'ombe wanaukata kwa miguu, na maji unayapata kwenye madimbwi machache au kwa kuchimba.

Kila mwaka pamba ikishauzwa na majembe hayajaanza, baba alitupeleka huko siku moja. Hapakuwa na mgonjwa wa kuonwa wala kesi ya kusikilizwa. Tulikwenda kucheza. Baba alikuwa akisema, "Twendeni mkaoge mpaka niikumbuke rangi ya miguu yenu." Watu wa siku hizi wanadhani matembezi yameletwa na magari. Sisi tulitembea kwa mkokoteni wa ng'ombe, tukala nyama kando ya mto, tukarudi tumechoka vizuri, na hatukuwa na simu ya kumwonyesha mtu kwamba tumefurahi. Tulifurahi hivyo hivyo bila shahidi.

Bibi hakuwa na desturi ya kwenda nasi, mnaelewa kwa nini. Lakini alizaliwa Mwakilunga, mita chache kutoka mtoni, na mwaka ule alinituma. "Mwambie baba yako natamani kuuona mto wetu, macho yangu yakiwa bado yanaona."

Baba aliposikia aliendelea kunoa panga. Ujumbe huo sikuutia chumvi. Mwishowe akasema, "Mwambie ajiandae."

Tuliondoka kungali na umande. Mayu alitundika shuka katikati ya mkokoteni, bibi akakaa nyuma yake na kapu lake la michembe, ile ya viazi vitamu vilivyokaushwa, na mtungi mdogo wa maziwa mgando. Baba alitangulia mbele ya ng'ombe, koti lake la kanisani mwilini, kofia kichwani, na njia nzima hakugeuza shingo hata mara moja. Nasema hata mara moja. Kabla ya kufika nusu ya njia Mbuke alianguka.

"Kabula," baba akauliza, anatazama mbele, "nani ameanguka?"

"Mbuke."

"Analia?"

"Bado."

"Basi apande."

Tulipoingia mjini tulisimama kwanza kwa Mzee Salumu. Huyu alikuja kutoka pwani akiwa kijana, na mzigo wa nguo begani, akazeekea hapo. Dukani kwake mlinukia mafuta ya taa, nguo mpya na kahawa, vyote pamoja, na mpaka leo nikinusa nguo mpya nasikia na mafuta ya taa hata kama hayapo. Alitupa pipi moja moja, akamwangalia baba aliyesimama amegeukia ukuta kwa sababu bibi alikuwa anashuka mkokotenini, akacheka.

"Luhende, umeanza kununua kuta?"

"Kuna mkwe wangu hapo."

"Najua. Naona kanga inatembea. Nyie Wasukuma bwana, mnapata tabu bure."

Baba alicheka, lakini hakugeuka.

Mtoni tulifika jua halijakuwa kali. Loo, ule mchanga. Asubuhi unakuwa baridi chini ya unyayo, mchana unakuchoma mpaka unaruka. Tulipanda ukingo mrefu wa udongo, tukaumwagia maji kwa kibuyu, tukateleza kwa makalio mpaka chini, na nguo ya Shija ikabaki ukanda. Tulichimba visima vya mkono, ukifika kiwiko maji yanaingia yenyewe, masafi, ya baridi, unayanywa yakiwa na mchanga kidogo kwenye meno. Palikuwa na dimbwi moja kubwa chini ya miti ya migunga, limebaki na tope, na ndani yake kambale. Samaki hao tuliwavua kwa tenga lisilo na kitako. Unalitumbukiza kwa nguvu, ukisikia kitu kinagonga ndani unalikandamiza chini, mwenzako anaingiza mkono kwa juu na kupapasa. Ukiliachia tenga, samaki amekwenda. Watoto wangu nikiwasimulia wanasema tulikuwa tunaonea samaki. Wao wanawanunua wamekufa tayari.

Bibi alitembea peke yake mchangani akituonyesha. Hapa tulifulia. Hapa dada yangu Milembe aliumwa na nge. Hapa ng'ombe wa mtemi walikunywa kwanza, wetu baadaye. Sikuwahi kumwona akiongea hivyo. Alivua viatu, na kwa mtu mzima wa umri wake jambo hilo lilitushangaza.

Baba aliwasha moto ukingoni, chini ya migunga, akaanza kuchoma nyama. Basi hapo bibi akapata shida ya kawaida, kwamba hawezi kula mahali mkwe anapomwona. Akatafuta pa kukaa. Katikati ya mto palikuwa na kituta cha mchanga kilichoinuka, na kisiki kimoja kilicholetwa na maji ya zamani. Akaenda kukaa pale, ametupa mgongo ukingoni, kanga kichwani. Mayu akampelekea nyama, akarudi. Kila mtu akawa mahali pake na heshima imetimia.

Wa kwanza kujua walikuwa ng'ombe. Mabala aliacha kula majani, akainua kichwa, akatazama mto unakotokea. Mweusi naye akainua. Baba akasimama. Kwetu pale jua lilikuwa linawaka, lakini mbali kabisa, upande wa juu, mbingu ilikuwa nyeusi kama chungu, na kaupepo kakaja kenye harufu ya udongo uliolowa. Mvua ilikuwa imenyesha kwa watu wengine, na mto wa mchanga hauna haja ya mvua ya kwako.

"Kabula!" baba akaniita. "Kimbia kamwambie bibi yako avuke huku sasa hivi. Mwambie ni mimi nimesema. Mto unaweza kushuka na maji."

Nikakimbia. Hilo nataka mlijue, nilikimbia kweli. Lakini njia ya kwenda kwa bibi ilipita dimbwini, na pale Shija alikuwa amelikandamiza tenga na kitu kinagonga ndani kama ngoma.

"Kabula, njoo! Shikilia! Shikilia nipapase!"

"Nimetumwa."

"Mara moja tu! Ni mkubwa huyu, ataondoka!"

Nikashika. Kambale alikuwa anarusha mkia, tenga linaruka mikononi, Mbuke anapiga kelele, Shija mkono mzima umezama mpaka begani. Akamgusa, akamkosa, akamgusa tena. Sijui tulikaa muda gani. Nilikuwa mtoto, na jambo lililokuwa mikononi mwangu lilikuwa hilo tenga. Ujumbe wa baba ulinitoka kama maji yanavyotoka kwenye chekeche.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anafua upande wa pili ndiye aliyepiga yowe. "Mto unakujaaa!"

Msifikirie ukuta wa maji. Ulikuja kama ulimi. Povu chafu, vijiti, mavi ya ng'ombe na majani vinatembea juu ya mchanga mkavu, polepole hata unaweza kuvikimbia, na nyuma yake sauti kama ya jineri. Tuliacha tenga, tukapanda ukingo kwa mikono na magoti. Tulipogeuka, ule ulimi ulikuwa umefika kituta cha bibi na kugawanyika, mmoja huku, mmoja kule. Bibi akasimama. Upande wetu ndio uliokuwa na kina. Maji yalipanda tukiwa tunayatazama, yakawa ya goti, yakawa ya kiuno.

Mayu alianza kulia kwa jina la mama yake. Baba alikuwa amesimama karibu nami, na hapo nikaona jambo ambalo leo nikiwasimulia wajukuu wanacheka mpaka wanashika mbavu, lakini mimi siku ile sikucheka. Baba aliupa mto mgongo. Akalitazama boma la Mjerumani, akapiga kelele kwa nguvu zake zote:

"Kabula! Mwambie bibi yako ashike kile kisiki!"

Nami niliyekuwa nimesimama ubavuni kwake nikageukia mto, nikalia, "Bibi, baba anasema ushike kisiki!" Kasauti kangu kalimezwa na maji. Bibi alitikisa kichwa, hasikii. Sauti ya baba bila shaka aliisikia, maana hata watu wa madukani waliisikia na wakaanza kuja. Lakini haikuwa yake kuijibu.

"Kabula! Mwambie asijaribu kuvuka!"

"Bibi, baba anasema usijaribu kuvuka!"

Mzee Salumu alifika anahema, kanzu ameishika mkononi. "Weye Luhende! Unaongea na boma? Sema naye mwenyewe!"

"Siwezi. Ni mkwe wangu."

"Maji yakimchukua utakuwa mkwe wa nani?"

Baba alikwenda kwa Mabala. Akamfungua nira, akamfunga kamba ya ngozi kwenye pembe. Watu wa mifugo mnajua, mto ukijaa unashika mkia wa ng'ombe na yeye anakuvusha. Mzee Salumu akamwambia, "Vua koti, litakuzamisha." Baba akasema, "Nivue mbele ya mama yake Ng'washi?" Akaingia majini na koti lake, na kofia, na viatu.

Walivutwa chini na maji mpaka nikadhani wamekwenda, kisha Mabala akapata mchanga chini ya kwato, wakapanda kituta upande wa chini. Baba akasimama. Kati yake na bibi palikuwa na hatua kama kumi, na maji yalikuwa yameshafunika kituta chote, yanazunguka kwenye vifundo vya miguu. Akageuka, akatupa mgongo kwa bibi, akaanza kumwendea kinyumenyume. Hatua moja, anapapasa kwa kisigino. Nyingine. Amemshika Mabala kwa kamba mkono wa kushoto, uso ameuelekeza kwetu, na macho ameyafumba. Bibi alijifunika kanga uso mzima. Wawili hao, mmoja anakwenda kinyumenyume na mwingine haoni, walitafutana juu ya ule mchanga mpaka mgongo wa baba ukamgonga. Baba akachuchumaa. Bibi akapanda.

Mabala aliwavuta. Katikati ya mkondo niliona vichwa viwili tu, kimoja chenye kofia na kimoja chenye kanga, na pembe. Kisha mabega. Kisha koti. Wanaume walishuka wakampokea bibi. Baba alimtua, akapanda ukingo bila kugeuka, akaenda moja kwa moja nyuma ya boma, na hakutoka huko mpaka mayu alipotundika shuka upya mkokotenini.

Kurudi nyumbani hakuna aliyenituma neno. Njia nzima. Nilikaa bila kazi, ningali nasikia lile tenga viganjani.

Mnadhani yaliishia hapo, watu wakashukuru. Hapana. Siku ya pili nilimsikia baba anamwambia mayu, "Mama yako nilimtumia ujumbe mapema, mto ukiwa mkavu. Aliliona neno langu si kitu, akaendelea kukaa. Sasa nimemshika mkwe wangu mbele ya mji mzima." Na ng'ambo ya njia bibi alikuwa anamwambia mayu huyo huyo, "Mumeo aliliona wingu akanyamaza. Ningekufa angepumzika kuingia porini kila siku." Kila mmoja alikuwa na ukweli wake, na hawakuweza kuulizana. Maziwa ya bibi yakaacha kuja kwetu. Baba akawazuia ng'ombe wetu kulala kwenye zizi la bibi. Wajomba wakaitwa waje wazungumze, na mayu, aliyekuwa katikati kama kuni mbichi kwenye moto, moshi tupu na machozi, akafunga kifurushi cha nguo zake na kukiweka nyuma ya mlango. Nilikiona. Nilijua maana yake.

Na hakuna aliyeniuliza mimi. Ujumbe ulikuwa umetumwa, basi umefika, nani atamshuku Kabula? Nilijua kwamba nikisema nitachapwa, na nikinyamaza mayu ataondoka. Niliyapima hayo siku mbili nzima. Ya tatu nikavuka njia.

Bibi alikuwa anakata viazi vya michembe, vipande vyeupe vimetandazwa juu ya jabali.

"Bibi, baba alinituma."

"Sema."

"Si leo. Siku ile mtoni. Kabla ya maji. Alisema uvuke sasa hivi."

Kisu kikasimama. "Na wewe ukawa wapi?"

"Nilishika tenga. Shija alipata kambale."

Akakiweka kisu chini. Kisha akauliza, "Alikuwa mkubwa?"

"Alikuwa mkubwa."

"Mlimpata?"

"Hapana."

Akanyanyuka, akanishika sikio, akatoka nalo. Alivuka njia mchana kweupe, mimi nikiwa ubavuni kwake naenda upande upande. Baba alikuwa uani anatengeneza nira. Aliposikia kanga inakuja alikimbilia ndani ya nyumba kama mtoto aliyeiba sukari. Bibi akasimama nje ya ukuta. Ukuta wa udongo, mnene kama mkono.

"Luhende," akasema.

Jina lile. Sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Nikaona nifanye kazi yangu, nikafungua kinywa, "Baba, bibi anasema…"

"Nyamaza wewe," bibi akasema, na kulivuta sikio. "Leo sijakutuma. Luhende, ujumbe wako haukunifika. Mtoto alikuwa anavua samaki. Nimekusema vibaya kwa mwanangu, na nimekuja kukwambia."

Mayu alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Kisha kutoka ndani, taratibu, sauti ya baba, kavu kama ya mtu aliyetoka usingizini, naye akamwita bibi mama: "Naam, mayu. Mimi pia nilikusema."

"Nimesikia."

"Sikujua."

"Sasa unajua. Lile koti limekauka?"

"Limekauka. Lakini limenibana."

Bibi aligeuza uso akacheka chini ya kanga, na ndani ya nyumba baba naye akacheka, na ukuta ukiwa katikati walicheka pamoja mpaka mayu akaenda kukifungua kile kifurushi. Wajomba walipofika walikuta nyama ya mbuzi. Baba ndiye aliyemtoa mbuzi huyo, kama faini ya kumgusa mkwe, na bibi akarudisha kuku. Fimbo nilichapwa, aliyenichapa ni mayu, na nilistahili.

Tangu siku hiyo waliongea, kupitia ukutani. Jioni baba anakuja na kigoda chake nje ya nyumba ya bibi, bibi ndani, wanaulizana habari za mbuzi na mvua. Walikaa hivyo miaka mingi, mpaka bibi alipofariki, na kutazamana hawakutazamana. Mimi kazi yangu iliisha. Karanga nikawa nazitafuta mwenyewe.

Mwaka jana mjukuu wangu Masanja, anayefanya kazi machimboni huko Bulyanhulu, alitupeleka Mwakilunga kwa gari. Alisema, "Bibi, twende mtoni ukapunge upepo." Mbele, kando yake, alikaa mama mkwe wake, Mama Neema, miwani ya jua usoni, anamwelekeza njia na kumgombeza anavyokata kona. Mji umebadilika. Daraja lipo, la zege. Boma wamelizungushia seng'enge na kulipaka chokaa. Kwenye migunga wameweka viti vya plastiki, muziki na nyama choma, na watoto wanapigwa picha mbele ya maji bila kuyagusa, eti yana wadudu. Masanja akasema, "Mama, sogea tupige moja." Mama Neema akamkumbatia shingoni, mashavu yakagusana, wakachekea simu. Mimi nilijikuta nimejitupia kanga kichwani. Mkono ulikwenda wenyewe.

Sisemi ni vibaya. Huyu mama akikamatwa na maji, Masanja ataingia anamtazama usoni, anamwita, na atafika mapema kuliko baba yangu alivyofika. Hilo ni jambo jema na nalikubali. Ila waligombana wiki mbili baadaye kwa meseji za simu, sijui nani alisema nini, na mpaka leo hawajaongea, ingawa hakuna desturi yoyote inayowazuia. Nilimwambia Masanja aende akasimame nje ya nyumba ya mkwe wake aite tu. Akasema, "Bibi, mambo ya zamani hayo." Tulichokuwa nacho sisi kilikuwa kigumu, lakini tulikijua kilipoanzia na kilipoishia.

Kuna jambo moja nataka nisaidiwe. Kaka yangu Shija, mpaka anafariki, aliapa kwamba kule majini bibi hakufungua kinywa, na kwamba neno la kwanza kati yao lilikuwa lile la ukutani. Mbuke yupo Isaka kwa mwanawe, masikio yamepungua lakini kichwa kizima, yeye anasema alikuwa chini zaidi ukingoni na alimsikia bibi, akiwa mgongoni, anasema, "Polepole, mwanangu." Mimi nilikuwa nalia, sikusikia kitu. Walikuwepo wanawake waliokuwa wanafua, na watu wa madukani, na wachungaji wa ng'ombe. Kama yupo kati yenu aliyekuwepo, au aliyesimuliwa na mama yake aliyekuwepo, na anajua kama bibi Nkamba aliongea au hakuongea, naomba anisahihishe ningali hai.